Bangili ya Baba Tusajigwe

Siku hizi mwalimu aliyefikisha miaka hamsini na mitano haingii darasani bila bangili, na bangili yake lazima iwe na pacha mkononi mwa mtu wa nyumbani. Hasira, presha, moyo kwenda mbio: vyote huhamia huko. Pacha ya kwangu kaivaa mume wangu, Baba Tusajigwe, mstaafu wa reli. Afisa aliyetufunga bangili hizo alisema zitaachana siku mmoja wetu akikata roho, si kabla.

Mume wangu amebandika ratiba yangu ya vipindi jikoni. Saa nne, kabla sijaingia Kidato cha Pili B, huzima jiko, huweka kisu mbali, hukaa chini.

“Leo wamekutesa, Mama Tusa,” huniambia nikirudi, mikono ingali ikimtetemeka.

“Hata sikusikia kitu.”

“Ndiyo raha yake.”

Jumatatu mkuu wa shule aliusifu utulivu wangu, akaniongezea kipindi cha saa sita. Nikakubali palepale. Ratiba ya jikoni nikasahau kuibadilisha.

Leo, saa sita, wakati yeye husonga ugali, Kidato cha Pili B walipindua madawati wakanizomea. Nilitabasamu kama kawaida. Kisha chaki ikanidondoka, nikaona mikono inayotetemeka ni yangu.