Kahawa ya Mutalemwa

Siku hizo sheria iliruhusu sauti ya marehemu ibaki nyumbani kwake mpaka imalize jambo moja aliloliacha, kisha ijizime yenyewe. Familia nyingi zilichagua mambo ya mirathi. Kokushubira, mwalimu mstaafu wa Bukoba, alichagua kahawa. Kwa miaka thelathini mumewe, Mutalemwa, alimtengenezea kila asubuhi kwa kichujio cha mkono cha kikombe kimoja, na hakuwahi kumfundisha.

Sasa alimfundisha kutoka kwenye kisanduku kilichotundikwa jikoni. Walijaribu iliki, wakajaribu mdalasini, wakaacha maji yapoe kidogo kwanza. Mara ikawa chungu, mara ikawa maji matupu, nao wakacheka kama zamani.

Asubuhi moja Mutalemwa alisema, "Leo usiisage laini sana. Weka na kipande cha ganda la chungwa, halafu mimina polepole."

Alimimina. Harufu ilipomfikia tu, akafumba macho. Alionja. Ilikuwa yenyewe.

"Imekuwaje?" mumewe aliuliza.

Kokushubira alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili. "Bado," alisema. "Chungu mno. Tujaribu tena kesho."

"Koku wangu," sauti ikasema kwa upole, "uongo hujawahi kuuweza."

"Ni chungu, mume wangu! Haki ya Mungu, ni chungu!"

Taa ya kisanduku ikazimika. Aliita jina lake, akaita tena, kahawa ikimmwagikia vidoleni na yeye hasikii moto.