Goti la Mke wa Polisi

Haya alinisimulia mama mkwe tukifunga tamale, vile vyakula vya Kimeksiko vya unga wa mahindi, Krismasi yake ya mwisho. Yalimpata dada yake, Eulalia, huko Texas, mwaka ule bangi ilipopigwa marufuku.

Mke wa mkuu wa polisi alibisha hodi mchana. "Eulalia, nipe ile chupa yako. Goti linaniua."

Ilikuwa bangi iliyolowekwa kwenye spiriti, dawa ya viungo katika kila nyumba ya Wameksiko. Sasa chupa hiyo moja ilitosha mtu afungwe, kisha apandishwe treni ya kumrudisha Meksiko, awaache wanawe.

"Si nyinyi Wazungu mnasema bangi inatutia wazimu?" Eulalia akacheka. "Mbona goti lako halijarukwa na akili, miaka saba nalipaka?"

Mgeni hakucheka. Alidai kaja kwa miguu, ila viatu vyake havikuwa na chembe ya vumbi, na njia ile ni vumbi tupu.

"Chupa sina, bibi. Kaa nikukande."

Akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, basi. Goti lilikuwa limevimba kweli, jekundu kama nyanya. Taratibu mgeni akaanza kulegea kitini.

"Mwambie mume wangu asiingie kwanza," akanong'ona, "asubiri kidogo," na usingizi ukamchukua.