Mkia wa Grafu

Profesa alipofika mstari wa tatu ubaoni, msaidizi wake wa zamani aliacha kutafuna kalamu. Hesabu ile ya integrali, ya kupima eneo lililo chini ya grafu, ilikuwa yake yeye msaidizi. Iliibwa nzimanzima, pamoja na kosa alilokuja kuligundua baadaye na kulinyamazia: grafu isiyo na mwisho huwa na eneo linalopimika pale tu mkia wake, ule upande unaoendelea bila kikomo, unaposhuka upesi kuelekea sifuri. Huu haukushuka upesi.

Vumbi la chaki lilimjaa profesa hadi kwenye tai. Ukumbi ulipiga makofi.

“Kuna swali? Au nimewamaliza?”

Watu walicheka. Msaidizi aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

“Hongera, mwalimu wangu. Kwa kuwa umeitunga mwenyewe, hebu tuoneshe mkia unavyoshuka.”

Profesa aligeukia ubao, akaanza kuisoma hesabu kwa mara ya kwanza.