Safu ya Saba

Kwa mara ya tisa asubuhi ile, programu ya ofisi ya Beni ilibisha hodi kwenye kompyuta ya ofisi ya Butembo, na mashine ikaifukuza. Vagheni aliyaona maandishi mekundu, akaendelea kunywa chai. Mashine ile aliyoitunza ilisikiliza programu zilizomo ndani yake tu. Iliyotoka kwingine, hata ikiwa na nenosiri sahihi, ilirudishwa.

Simu ikalia. Alikuwa Melchior, mwenzake wa Beni. Shirika lao lilitafuta watoto waliopotezwa na vita.

"Ndeko, ndugu yangu, tufungulie. Sisi tuko na orodha ya batoto, wewe uko na ya bazazi. Tutalinganisha namna gani?"

"Bakubwa ba Goma banakubali safu sita tu za orodha. Ya saba, hapana."

"Safu sita ni majina na vijiji. Lakini hapa niko na ba Kahindo makumi ine na moja. Nitajua nani ni wa nani?"

Hakukosea. Wanande, watu wa huko, hurudia majina yale yale kwa zamu ya kuzaliwa. Vita vilipowatawanya, kila njia ilijaa akina Kahindo na akina Masika. Ndiyo maana safu ya saba ilihifadhi siri ya kila mzazi: kovu liko wapi, mtoto aliimbiwa nini ili alale. Aliyejibu hayo alikabidhiwa mtoto. Na mwaka huo wa 2003 hawakukosekana watu wa kuja kudai watoto wasio wao, tena kwa machozi.

"Huko nani anatumia mashine?"

"Sisi wote. Tuko batu kumi na moja, mashine ni moja. Utafanya nini?"

Mchana, mkewe Mariette alimpakulia sombe ya majani ya muhogo bila kumtazama. Kahindo wao alipotea mwaka mmoja nyuma, walipokimbia kutoka Kasugho, akiwa na miaka miwili, na siri zao nao Vagheni alikwisha kuziandika katika safu ya saba.

"Baba Kahindo, ufunguo uko ku mukono yako. Unachunga nini?"

Vagheni akaisukuma sahani. Akarudi ofisini, akaandika amri: mtumiaji wa Beni, kutoka mashine ya Beni, aruhusiwe kusoma. Mahali pa kutaja safu sita akaweka nyota, maana yake zote, hata ya saba. Programu ya Beni ikaingia. Kwa mara ya kwanza tangu Kasugho, Vagheni alicheka peke yake.

Kisha mapigano yakakata mawasiliano siku nne. Ijumaa matokeo yakafika, na jina la Kahindo wao lilikuwemo. Akatuma mlinzi amwite Mariette, naye akaja mbio, kitenge cha kubebea mtoto tayari begani.

Vagheni akasoma kwa sauti. "Kahindo, miaka mitatu, wa Kasugho. Yuko Beni, mzima wa afya."

Mariette akapiga magoti palepale sakafuni. Vagheni akashuka hadi mstari wa chini.

"Amekabidhiwa juzi kwa baba yake mzazi, Vagheni, aliyefika mwenyewe na kujibu maswali yote."