Jina la Mwende

Winfred alisimama mlangoni, viatu mkononi, binti yake alipoitwa mbele ya darasa kwa mara ya kwanza.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyumba kuukuu huko Manfuha, mtaa wa jiji la Riyadh, Saudi Arabia, ambamo akina mama Wakenya waliwafundisha watoto wao waliozaliwa huko bila vyeti vya kuzaliwa, wasiopokelewa na shule nyingine.

Mwende alikuwa amelelewa kwa minong'ono. Tangu aanze kusema, mama yake, Winfred, alimzoeza kuongea chinichini, majirani wasije wakajua kuna mtoto ndani.

"Tuambie jina lako," mwalimu alisema.

Mtoto akanong'ona.

"Hatujasikia, mami. Hapa ni shule."

Mwende akavuta pumzi hadi mabega yakapanda. "Naitwa Mwende, mtoto wa Winfred." Sauti ilijaa chumba, ikatokea dirishani mpaka barabarani.

Kwa mazoea, kidole cha Winfred kilikuwa kimeshafika mdomoni kumnyamazisha. Alikihisi pale, kikavu, kimepasuliwa na sabuni za nyumba za watu. Akakishusha.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Wale wa nyuma hawajasikia."