Neno Salama

Kwa sheria, mkaguzi akitamka "salama" na droni ikasikia, daraja limepita ukaguzi kwa mwaka mzima, na neno hilo halifutwi.

Mwakisu alikuwa akitazama ufa wa nguzo ya daraja kwenye skrini ya droni mkewe alipopiga simu.

"Baba Tumpe, habari za kazi?"

"Salama," akajibu, kama alivyozoea.

Droni ikalia mara moja, ikaruka kwenda daraja linalofuata.

Jioni alimweleza mkewe.

"Sasa Tumpe atapita wapi kwenda shule?"

"Palepale. Njia nyingine hakuna."

Wakapiga magoti. Mkewe aliliombea daraja, na Mwakisu akaitikia amina.

Asubuhi Tumpe alichukua mkoba. "Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

"Marahaba," alisema Mwakisu. Swali la pili hakulijibu. Aliinama akamfunga mtoto kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.