Viatu Namba Kumi

Afisa wa ofisi ya malalamiko alimrudishia Nyamizi barua yake. "Mama, mchunguzi wa vifo ameshaamua kwamba mumeo alizama mtoni. Uamuzi wake hatuna ruhusa ya kuugusa. Tunachunguza kazi ya makarani wake tu."

Nyamizi hakuinuka. Alitoa viatu kwenye mfuko, akaviweka mezani.

"Hivi nilikabidhiwa na karani kuwa ndivyo vilivyovuliwa kwenye maiti, pamoja na jeneza lililopigiliwa misumari. Akanikataza kulifungua. Mume wangu anavaa namba saba. Hivi ni namba kumi. Kosa la karani si mnalichunguza?"

"Hilo tunalichunguza," afisa alisema polepole.

"Basi andika."

Afisa alivuta fomu mpya, akaanza kujaza. Alipofika kwenye mstari wa jina la marehemu, kalamu ilisimama, naye akavitazama tena vile viatu.